Jina Kabla ya Dawa: Kasisi Berkeley na Elimu ya Kuvu

Kiswahili hakina uhaba wa majina katika mlango huu. Uyoga ni ule uchipuao baada ya mvua, ukaliwa au ukaogopwa. Ukungu hutanda juu ya mkate uliolala. Kuvu huingia katika nguo zilizofungiwa sandukuni wakati wa masika. Ubwiri na kutu hukaa shambani, juu ya majani. Lugha iliviona vitu hivi, ikavitenga, ikakipa kila kimoja jina kwa kadiri ya haja ya wasemaji wake. Lakini kwamba utando wa mkate na mwavuli wa uyoga ni watu wa ukoo mmoja, hilo si jambo la kuonekana kwa macho matupu. Lilihitaji hadubini, na lilihitaji watu wenye subira. Miongoni mwa watu hao alikuwamo Miles Joseph Berkeley, kasisi wa kijijini huko Uingereza.

Berkeley alizaliwa tarehe 1 Aprili 1803 katika jimbo la Northamptonshire, akasoma Cambridge, kisha akaingia katika utumishi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1833 alikabidhiwa parokia mbili ndogo, Apethorpe na Wood Newton, akaweka makazi yake katika kijiji cha King's Cliffe. Mapato yalikuwa haba na watoto wengi, hata akalazimika kuwapokea wanafunzi wa kulala nyumbani kwake ili apate kuikimu familia. Kazi iliyompa jina duniani aliifanya katika saa zilizosalia, baada ya ibada, mazishi na masomo ya watoto wa watu.

Elimu aliyoikuta ilikuwa bado gizani. Linnaeus wa Sweden, bingwa wa kuainisha viumbe katika karne ya 18, alizipanga kuvu mwishoni mwa mimea. Hata mwaka 1767 mbegu zake za vumbi alizitia katika kundi alilolipa jina la Chaos, yaani vurugu. Aliyeanza kuipanga vurugu hiyo kwa utaratibu madhubuti alikuwa Msweden mwenziwe, Elias Fries, katika kitabu chake Systema Mycologicum kilichotoka kati ya mwaka 1821 na 1832. Fries aliutazama umbo la uyoga na rangi ya vumbi lidondokalo chini ya mwavuli wake: jeupe, la waridi, la kahawia au jeusi. Vumbi hilo ndilo liitwalo spora, na kila chembe yake yaweza kuotesha kuvu mpya.

Berkeley aliifuata njia hiyo, kisha akaipeleka mbele. Mwaka 1836 aliandika juzuu ya kuvu katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Uingereza. Mwaka 1838 akachapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika uyoga wa mwavuli spora hazifichwi ndani ya vifuko, kama wengi walivyodhani, bali hukaa juu ya vijiti vidogo mno, aghalabu nne nne. Mfaransa Léveillé alikuwa amefikia shabaha hiyohiyo wakati huohuo. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini hadi leo mgawanyo mkubwa wa kuvu umesimama juu ya namna spora zinavyozaliwa.

Sifa zake zilipoenea, vifurushi vikaanza kumiminika King's Cliffe. Kuvu alizozikusanya Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle zilipitia mikononi mwake. Miongoni mwazo ulikuwamo uyoga wa rangi ya manjano uotao juu ya miti ya Tierra del Fuego, ambao wenyeji wa huko waliufanya chakula. Berkeley aliuita Cyttaria darwinii. Joseph Hooker alimletea kuvu za milima ya Himalaya. Moses Ashley Curtis, kasisi kama yeye, aliandikiana naye kutoka Carolina ya Kaskazini, Marekani, na majina ya wawili hao yameandikwa pamoja nyuma ya majina ya kuvu nyingi. Inakadiriwa kwamba Berkeley, peke yake na pamoja na wenzake, alizipa majina takriban spishi 6,000.

Lau kazi yake ingekomea hapo, angekumbukwa na wataalamu tu. Lakini mwaka 1845 mashamba ya mbatata ya Ulaya yalishikwa na maradhi yasiyojulikana. Majani yalitokwa na mabaka meusi, mashina yakalala, na mbatata zilizochimbwa zikiwa nzima zikaoza ghalani. Ubelgiji iliguswa, kisha Ufaransa, Uholanzi na Uingereza. Septemba ya mwaka huo maradhi yakaonekana Ireland, nchi ambayo mamilioni ya maskini wake hawakuwa na chakula kingine.

Swali lililowagawa wataalamu lilikuwa moja: ni nini kilichoanza? Juu ya majani yaliyougua ulionekana utando mweupe, mwembamba kama pumzi juu ya kioo. John Lindley, mtaalamu mkubwa wa mimea mjini London, alishikilia kwamba sababu ni hali ya hewa: mvua ilizidi, jua likakosekana, mbatata zikavimba maji zikaoza, na kuvu zikaja baadaye kula mzoga. Daktari Montagne wa Paris, aliyekuwa rafiki wa Berkeley wa barua, aliuchunguza utando huo, akauita Botrytis infestans. Mwaka huohuo Marie-Anne Libert wa Ubelgiji naye aliuandika na kuupa jina lake, lakini jina la Montagne ndilo lililodumu.

Januari 1846 Berkeley alichapisha makala ndefu katika jarida la Chama cha Bustani cha London. Alikiri kwamba hoja ya hali ya hewa ilikuwa na nguvu na kwamba wakubwa wengi walikuwa upande huo. Hata hivyo alisema wazi: kuvu haikufuata uozo, bali iliuleta. Mvua iliipa nafasi tu. Wengi hawakukubali. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1861, Mjerumani Anton de Bary alipozipanda spora juu ya mbatata nzima na kuonyesha maradhi yakianza mbele ya macho.

Hapa ndipo ilipo maana ya kutoa jina. Wakulima walisema “uozo”, wengine wakasema “tauni ya mbatata”. Maneno hayo yanaeleza msiba, hayamtaji mwenye kuuleta. Aliyesema infestans, mshambuliaji, alimtaja. Na kisichotajwa hakiwezi kupigwa vita. Mtu huishia kuitazama mbingu na kuilaumu mvua.

Lakini jina si chakula. Ndani ya miaka michache watu kiasi cha milioni moja walikufa Ireland kwa njaa na maradhi yake, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Kuvu iliua mbatata. Haikuandika mikataba ya ardhi. Nafaka iliendelea kusafirishwa kutoka bandari za Ireland wakati wenye kuilima wakifa, kwa kuwa ilikuwa ni kodi ya mwenye shamba na mali ya soko. Sehemu hiyo ya msiba haikuhitaji hadubini kuonekana. Dawa nayo ilichelewa: mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitangazwa na Millardet wa Bordeaux mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, ukaonekana kufaa mbatata pia. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Mwaka 1869 kifurushi kingine kilifika kutoka bustani ya Peradeniya, kisiwani Ceylon. Ndani yake mlikuwa na majani ya mkahawa yenye vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini. Berkeley, pamoja na rafiki yake Broome, aliona kwamba spora zake ni laini upande mmoja na zina miiba upande wa pili. Wakaiita Hemileia vastatrix: neno la kwanza lataja ulaini wa nusu, la pili mwenye kuteketeza. Jina hilo lilitimia. Katika miaka ya 1880 kilimo cha kahawa Ceylon kilianguka, na chai ikachukua nafasi yake. Mkulima wa Kilimanjaro aitajapo kutu ya majani, huyo ndiye amtajaye.

Berkeley alifariki tarehe 30 Julai 1889 katika parokia yake ya mwisho, Sibbertoft. Miaka 10 kabla yake alikuwa ameipa bustani ya Kew hazina yake ya kuvu, zaidi ya sampuli 9,000. Majina aliyoyatoa hayakubaki yote. Mwaka 1847 alikuwa ameuita ubwiri wa mizabibu Oidium tuckeri, kwa heshima ya Tucker, mtunza bustani wa Margate aliyeugundua. Baadaye ilibainika kwamba kuvu hiyohiyo ilikwisha kuandikwa na Schweinitz, Marekani, mwaka 1834. Na kwa kuwa sheria ya elimu hii humpa haki aliyetangulia, jina la mtunza bustani likafutika. Kuvu ya mbatata nayo ilihamishwa mwaka 1876 na de Bary, aliyeiita Phytophthora, mwangamizi wa mimea. Utafiti wa baadaye ukaitoa kabisa katika ukoo wa kuvu, ukaiweka karibu na miani ya baharini.

Basi hata kile Berkeley alichokitetea kwa ujasiri kuwa ni kuvu, si kuvu. Lakini shina la hoja yake halikung'oka: ni kiumbe hai, nacho ndicho kilichoanza. Ukoo umebadilishwa zaidi ya mara moja, na neno la pili limebaki palepale lilipoandikwa mwaka 1845: infestans.