Kwa Nini Mlinzi wa Mtandao Bado Huandika Amri

Tarehe 27 Oktoba 1980, ARPANET, mtandao wa Marekani uliokuja kuzaa intaneti, ulizimika kwa takriban saa nne. Hakuna waya uliokatwa wala kituo kilichoungua. Kompyuta ndogo zilizopitisha pakiti kutoka kituo kimoja hadi kingine, zilizojulikana kama IMP, zilikuwa zikipeana taarifa za hali ya njia, na kila taarifa ilibeba namba ya mfuatano ili mpokeaji ajue ipi ni mpya. Hitilafu ya mashine ikadondosha biti chache, zikazuka nakala tatu za taarifa ya kituo namba 50, zenye namba 8, 40 na 44. Kwa kuwa namba hizo zilihesabiwa kwa mzunguko, kila nakala ilionekana mpya kuliko mwenzake. Zikafukuzana mtandao mzima bila kukoma, hadi mashine zikakosa nafasi ya kufanya kazi nyingine. Eric Rosen wa kampuni ya BBN, iliyoendesha kituo cha udhibiti, alichapisha uchambuzi wa tukio hilo mwaka 1981. Uchambuzi huo unaonyesha kwamba waliokuwa zamu waliukwamua mtandao kwa kusoma kumbukumbu ya mashine iliyoelemewa, kuona foleni imejaa taarifa za aina moja, kisha kupeleka kiraka kidogo kilichoiamuru kila IMP ipuuze taarifa za kituo namba 50.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu historia ya ufuatiliaji wa mitandao husimuliwa vingine. Husemwa kwamba zamani wataalamu walikaa mbele ya skrini nyeusi wakiandika amri za mkato, kisha zikaja ramani za rangi, grafu na vitufe vya kubofya, na amri zikabaki kuwa mazoea ya wazee wasiotaka kubadilika. Nusu ya masimulizi haya ni kweli. Kuutazama mtandao kumehamia kwenye picha, na hakuna dalili kwamba kutarudi. Lakini kuiendesha seva inayoutazama mtandao ni kazi ya namna nyingine: kuiwasha, kuipa orodha mpya ya vifaa, kuihakiki kabla haijaanza kazi, kuifufua inapokwama usiku wa manane. Kazi hiyo imebaki kwenye mstari wa amri, kizazi baada ya kizazi cha programu, na ukifuata ushahidi utaona kwamba sababu zake ni za kiufundi na hazijaondoka.

Tuanze na chombo kikongwe kinachotumika hadi leo. Desemba 1983 Mike Muuss, mtumishi wa maabara ya utafiti wa balistiki ya Jeshi la Marekani huko Maryland, alikabiliwa na mtandao unaosumbua, akaandika ping kwa jioni moja. Itifaki ya ICMP iliyotangazwa mwaka 1981 tayari ilikuwa na ujumbe wa kuomba mwangwi; alichofanya Muuss ni kumpa mtumiaji njia ya kuutuma na kupima muda wa kurudi kwake. Jina alilitoa kwenye mlio wa sonar. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1986, mwendo wa data kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, umbali usiofika mita 400, ulianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, aliyechunguza anguko hilo, ndiye pia aliyeandika traceroute, inayoonyesha njia zinakopita pakiti, na mwaka 1988 yeye na wenzake wa maabara hiyo walitengeneza tcpdump, inayozisoma pakiti zenyewe. Zana hizi tatu zina tabia moja: kila moja hushika jambo moja, hutoa majibu mstari kwa mstari, na haidai chochote zaidi ya mashine unayoitumia na pakiti chache. Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza. Biti 40 kwa sekunde, kwa hesabu ya juujuu, ni herufi tano. Ramani yenye rangi haipiti katika tundu hilo. Amri fupi, kwa subira, hupita.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mitandao ilikuwa imekua kiasi kwamba kuuliza kifaa kimoja kimoja hakukutosha. Agosti 1988 Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin walichapisha itifaki ya SNMP, ambayo huiwezesha seva moja kuuliza ruta nyingi maswali ya aina moja: umepitisha baiti ngapi, mlango gani umefungwa, umewaka tangu lini. Wakubwa wa intaneti waliiona kama daraja la muda wakisubiri mfumo mpana zaidi wa viwango vya OSI. Daraja likageuka kuwa barabara yenyewe, kwa kuwa lilikuwa jepesi na lilikuwepo. Juu yake makampuni yakajenga programu za ramani, SunNet Manager mwaka 1989 na HP OpenView muda mfupi baadaye, ambamo kifaa kizima kilikuwa cha kijani na kilichokufa chekundu. Wauzaji walionyesha ramani. Msimamizi aliyenunua OpenView, hata hivyo, alijifunza upesi amri tatu, ovstart, ovstop na ovstatus, maana ramani ilipoganda hapakuwa na kitufe ndani ya ramani cha kuifufua ramani. Jambo hili linaonekana dogo, nami naliona ndilo kiini cha mjadala wote: kiolesura cha picha ni programu inayosimama juu ya programu nyingine, na ya chini ikianguka ya juu huanguka nayo.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii lilitoka Leicester, Uingereza. Katikati ya miaka ya 1990 Tobias Oetiker alikuwa Chuo Kikuu cha De Montfort, ambako chuo kizima kilitegemea laini moja ya kilobiti 64 kwa sekunde kutoka nje. Akaandika MRTG, programu iliyoiuliza ruta kila baada ya dakika tano na kuchora grafu za siku, wiki, mwezi na mwaka. Hapa lazima tukubali bila kusitasita: hakuna msururu wa tarakimu unaoweza kumwambia binadamu kile ambacho grafu ile humwambia kwa mtazamo mmoja. Mlima unaopanda kila asubuhi na bonde la usiku, na siku moja mlima uliogota kwenye dari na kubaki bapa. Mkuu wa chuo anaelewa, na fedha ya laini pana zaidi inapatikana. Ila tazama jinsi mchoraji huyo alivyoendeshwa. MRTG ilikuwa programu ya Perl, ikisoma faili la maandishi, ikiamshwa kwa ratiba na cron, na faili lenyewe liliandaliwa kwa amri iitwayo cfgmaker. Mwaka 1999 Oetiker alitoa RRDtool, hifadhidata ambayo faili lake halikui kamwe kwa sababu data mpya hukalia nafasi ya data kongwe, nayo ilikuwa amri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuuonyesha mtandao kwa picha hakuona haja ya kuuendesha kwa picha.

Mwaka huohuo wa 1999 Ethan Galstad wa Marekani alitoa programu ya ufuatiliaji iitwayo NetSaint, ambayo kwa sababu ya mgogoro wa alama ya biashara ilibadilishwa jina mwaka 2002 na kuwa Nagios. Hii inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ubunifu wake ni wa kushangaza kwa uchache wa masharti. Nagios yenyewe haijui kupima chochote. Huita programu ndogo za ukaguzi, na kila moja ikimaliza kazi huacha mstari mmoja wa maelezo na namba moja: 0 ni salama, 1 ni tahadhari, 2 ni hatari, 3 ni haijulikani. Basi. Namba hiyo si uvumbuzi wa Galstad. Kila programu ya Unix huacha namba inapomaliza, na 0 kumaanisha mambo ni sawa ni desturi ya tangu siku za Bell Labs, maabara ilikozaliwa Unix. Kwa kuegemea desturi hiyo, Nagios iliwafungulia mlango wote waliojua kuandika skripti ya mistari kumi. Aliyetaka kukagua betri za mnara, joto la chumba cha seva au foleni ya barua pepe hakusubiri kampuni imtengenezee moduli. Orodha ya vifaa ilikaa kwenye mafaili ya maandishi, na kabla ya kuiwasha upya seva msimamizi alitumia amri nagios -v, iliyosoma mafaili yote na kuyataja makosa kwa jina la faili na namba ya mstari. Ukurasa wa wavuti ulikuwepo, na wengi waliuacha wazi ukutani, lakini hata kitufe chake cha kuahirisha tahadhari kiliandika tu mstari wa amri kwenye bomba la faili ambalo skripti yoyote ingeweza kuliandikia.

Mtu anaweza kuuliza: na Zabbix, programu nyingine ya ufuatiliaji, je? Swali ni la haki. Alexei Vladishev aliianzisha nchini Latvia mwaka 1998 na kuitoa kwa umma mwaka 2001, akachukua njia tofauti kabisa: mipangilio iko ndani ya hifadhidata, na kazi za kila siku hufanyika kwenye kivinjari. Imeenea dunia nzima, na mahali penye wafanyakazi wengi wasiojua mafaili ya mipangilio njia hiyo ina faida ya wazi. Siwezi kuigeuza Zabbix iwe ushahidi wangu kwa nguvu. Ninachoweza kusema ni kwamba ukurasa wake unapokwama, au diski ya hifadhidata inapojaa, fundi anaingia kwenye terminali. Kwamba kuiagiza seva isome mipangilio upya mara moja kuna amri, zabbix_server -R config_cache_reload. Na kwamba kujua kama mashine ya mbali inajibu kweli huanza na zabbix_get. Kisha, mwaka 2012, wahandisi wa SoundCloud mjini Berlin walipoanza Prometheus, programu yao ya ufuatiliaji, wakiwa na uhuru wa kuchagua mtindo wowote, walirudi kwenye faili la maandishi, wakatoa promtool ya kulihakiki, na seva yao husoma mipangilio upya inapotumiwa ishara ya Unix iliyozoeleka. Hawakuwa wazee. Mtindo huo huruhusu mipangilio kuhifadhiwa kwenye Git, programu inayotunza matoleo ya mafaili, kukaguliwa na mwenzako kabla haijatumika, na kurudishwa ilivyokuwa jana endapo ya leo imeharibu. Hiyo ndiyo sababu ya pili, na ina uzito kuliko ya kwanza: kilichobofywa kwa kawaida huacha matokeo tu, ilhali kilichoandikwa huacha na njia iliyofuatwa.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuielewa hadithi hii. Kabla ya nyaya za baharini za Seacom na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilipanda hadi setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu na kushuka tena, safari ambayo kwenda na kurudi huzidi nusu sekunde. Kwenye laini kama hiyo kuendesha seva ya mbali kwa dirisha la picha ni adhabu, ila SSH, programu ya kupeleka amri kwenye mashine ya mbali iliyoandikwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, ilistahimili. Warsha za AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000, na baadaye kufika Nairobi na Dar es Salaam, ziliwafundisha wahandisi wa bara hili Unix kutoka kwenye kibodi. Mtu angetegemea somo hilo lipitwe na wakati baada ya nyaya. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, zote siku hiyohiyo, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Siku kama hiyo, anayehitaji kujua njia gani imebaki anaandika traceroute.

Liko pia pingamizi linalohusu hatari ya amri zenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao yote ya Facebook, WhatsApp ikiwemo, ilitoweka kwa takriban saa sita baada ya amri iliyotolewa wakati wa matengenezo kuukata uti wa mgongo wa mtandao wao. Je, hiyo si hoja ya kuwanyang'anya watu kibodi? Maelezo ya kampuni yenyewe yanasema kulikuwa na chombo cha kukagua amri za namna hiyo kabla hazijapita, na chombo hicho kilikuwa na kasoro. Kitufe kilichounganishwa na ukaguzi huohuo wenye kasoro kingeukata mtandao vilevile. Nakubali hata hivyo kwamba amri haina huruma: haiulizi mara mbili isipoambiwa iulize, na herufi moja ya ziada hutosha kuharibu. Dawa yake ndiyo ile ya nagios -v na promtool, ukaguzi unaotangulia utekelezaji, nao ni rahisi kuuweka pale tu ambapo kinachotaka kukaguliwa kimeandikwa. Tena, siku ile zana za ndani za Facebook zilikufa pamoja na mtandao zilioutegemea, na mafundi wakalazimika kwenda wenyewe hadi kwenye vituo vya data kuzifanyia kazi mashine papo hapo.

Labda pingamizi la haki kuliko yote ni la lugha. Amri ni vifupisho vya Kiingereza vilivyobanwa hadi vikakosa irabu, na kijana anayeanza kazi mjini Mwanza anajifunza kwanza msamiati wa kigeni, kisha ujuzi wenyewe. Kweli, na menyu za programu nyingi za picha nazo ni za Kiingereza, kwa hiyo kuhama hakumwondolei mzigo huo. Tofauti inajitokeza katika kufundishana. Maelezo ya kubofya yanahitaji picha ya kila hatua, na toleo jipya likihamisha kitufe kutoka kushoto kwenda kulia maelezo yote yanakufa. Amri inaandikwa kwenye daftari pamoja na ufafanuzi wake wa Kiswahili, inasomwa herufi kwa herufi kwenye simu kwa mwenzako aliye kituoni Kigoma, na ping aliyoiandika Muuss inaitwa kwa neno lilelile, ikifuatwa na anwani ya mashine unayoiulizia.