Pamba ya Nkoma na soko la nje

Nkoma ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Bariadi kabla ya mgawanyo wa mwaka 2012. Zao la biashara linalotawala ukanda huu ni pamba. Mkulima hupeleka pamba mbegu kwenye chama cha msingi (AMCOS), ikapimwa, kisha ikaenda kiwandani kuchambuliwa. Takribani theluthi moja tu ya uzito hubaki kuwa nyuzi. Hizo hufungwa marobota, na sehemu kubwa huuzwa nje. Mbegu hukamuliwa mafuta.

Kumfikia mnunuzi wa nje kunahitaji mpatanishi anayeaminika na pande zote mbili, mkulima na mnunuzi. Mfano bora uko wilaya jirani ya Meatu. Tangu mwaka 1994, bioRe Tanzania, yenye makao Mwamishali, hununua pamba hai (inayolimwa bila viuatilifu vya viwandani) kwa wakulima wenye mkataba na kuifikisha kwa kampuni ya Remei ya Uswisi. Maofisa ugani wake hutembelea mashamba, hufundisha matumizi ya samadi na kupanda alizeti pamoja na pamba kupunguza wadudu, na huweka kumbukumbu za kila shamba kwa ajili ya wakaguzi. Kumbukumbu hizo ndizo msingi wa biashara yenyewe: bila cheti cha kilimo hai, pamba hiyo huuzwa kama ya kawaida, na jasho la mkulima aliyeacha viuatilifu vya viwandani halilipwi. Shamba huchukua miaka kadhaa ya mpito kabla ya kuthibitishwa.