Mtoto Aliyetetewa na Rafiki wa Farasi

Watu wengi hucheka wakisikia kwamba mnyama naye ana haki. Husema: kwanza tumtunze mtu, mbuzi angoje. Sisi pia tulisema hivyo zamani, mpaka tulipojua mambo yaliyotokea New York, kule Marekani.

Mwaka 1866 tajiri mmoja, Henry Bergh, alianzisha huko chama cha kuzuia ukatili juu ya wanyama. Siku zile magari ya mjini yalivutwa na farasi, na farasi aliyechoka alipigwa hata akaanguka njiani. Bergh alisimama barabarani mwenyewe kuwazuia wapigaji, akawashitaki mbele ya hakimu. Watu walimdhihaki sana.

Katika mji huohuo msichana wa miaka 10 hivi, jina lake Mary Ellen, alipigwa karibu kila siku na mlezi wake, Mary Connolly. Majirani walisikia kilio chake. Bibi Etta Wheeler, mwenye kuwatembelea maskini kwa kazi ya misioni, akaenda huku na huku kutafuta msaada. Polisi walitaka ushahidi. Vyama vya huruma vilitaka mtoto aletwe kwanza kwa njia ya sheria. Lakini nani amlete? Mwishowe mpwa wake akamshauri aende kwa Bergh.

Aprili 1874 Bergh na mwanasheria Elbridge Gerry walimfikisha mtoto kwa hakimu, amefunikwa blanketi, na usoni ana jeraha la mkasi. Habari hii husimuliwa vibaya, kana kwamba alitetewa kwa sheria ya wanyama. Sivyo. Bergh alisema amekuja kama mtu tu, si kama mkuu wa chama. Connolly alifungwa mwaka mmoja, na kabla ya mwaka 1874 kwisha, Bergh, Gerry na wenzao walikwisha anzisha chama cha kulinda watoto.

Mbona ni yeye aliyeitika? Wenye farasi walikuwa wamemjibu mara nyingi: farasi ni wangu. Alikwisha zoea kutolikubali neno hilo. Kwake swali halikuwa “huyu ni wa nani?” bali “huyu anaumia?” Nasi je, tumepita mara ngapi karibu na nyumba yenye kilio, tukasema: mtoto si wetu?

Mary Ellen alilelewa na jamaa za Bibi Wheeler, akaolewa, akazaa mabinti wawili. Mmoja alimwita Etta. Alifariki mwaka 1956, mwenye miaka 92.