Upinde wa Vitu Vitatu

Wengi wetu tumeuona upinde wa wawindaji wa msituni: ufito mmoja wa mti na kamba yake. Kwa kazi ya msituni watosha. Lakini askari mpanda farasi anahitaji upinde mfupi, na upinde mfupi wa mti mtupu ukivutwa sana huvunjika. Vitani, aliyevunjikiwa upinde amekwisha. Basi tutazame jinsi mafundi wa Kituruki walivyoishinda shida hiyo.

Upinde ukivutwa, upande wa nje hunyoshwa, na upande wa ndani, unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Katikati taabu ni ndogo. Kwa hiyo fundi alichagua kila kitu kwa kazi yake. Nje alibandika kano za mnyama zilizopondwa zikawa nyuzi, kwani kano hunyoka sana bila kukatika. Ndani alibandika pembe ya nyati wa kufugwa, kwani pembe huvumilia kubanwa. Katikati aliweka mti uitwao kwa Kituruki akçaağaç, ambao hushika gundi vizuri. Gundi yenyewe ilipatikana kwa kuchemsha kano, pengine na kibofu cha samaki. Kama angeweka kano ndani na pembe nje, kazi yote ingekuwa bure.

Wala hakufanya haraka. Gundi hukauka polepole, na unyevu ni adui yake. Upinde mmoja uliweza kuchukua mwaka na zaidi. Ukiondolewa kamba, ulijikunja kuelekea mbele, karibu kama pete.

Waturuki waliteka Constantinople mwaka 1453, na Sultani Mehmed II akawatengea wapiga upinde uwanja wa Okmeydanı. Huko mawe yalisimamishwa kuonyesha mishale mirefu ilipoanguka. Mwaka 1795, Mahmud Efendi, karani wa balozi wa Waturuki mjini London, alipiga mshale ukapita metre 400. Waingereza waliokuwapo walistaajabu.

Baadaye bunduki iliushinda upinde vitani. Lakini katika miaka ya 1950 mafundi wa Marekani walitengeneza pinde za michezo kwa nyuzi za kioo nje na ndani, na mti katikati. Vitu vimebadilika, mpango ni ule ule wa Waturuki.

Nasi tujifunze kwao: kabla ya kukipa kitu mzigo, kwanza tujue kinaweza kubeba nini.