Kamera zisizo na kioo: zilizobaki na zilizokufa

Haya wasomaji, leo tuache programu kidogo tuzungumze kuhusu kamera. Ukitafuta kamera ndogo iliyotumika, ya kubeba kila siku, utakutana na nyingi zilizotoka kati ya 2009 na 2014. Utaona mbili zinazofanana kwa umri, sura na hata megapikseli, ila moja inauzwa kwa bei ya kutupa. Ukiigeuzageuza mkononi huoni kasoro. Sababu iko kwenye historia yake.

Tuanze na kioo chenyewe. Kwa miongo mingi kamera ya kubadilisha lenzi ambayo wapiga picha wengi waliitamani ilikuwa SLR. Mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo kilichoinama digrii 45, unapanda hadi kwenye tundu unalochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu (ndio ule mlio wa "klak!"), filamu inapata mwanga, kisha kioo kinarudi chini. Sasa kioo kinahitaji nafasi ya kurukia. Ndiyo maana lenzi ya Nikon F hukaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, na ya Canon EF milimita 44.

Kamera za dijitali zilipokuja, zilirithi nafasi hiyo pamoja na kioo chake. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu: msimbo wa zamani ambao hakuna anayethubutu kuufuta. Epson walijaribu njia nyingine mwaka 2004 kwa kamera ya R-D1, isiyo na kioo na inayopokea lenzi za Leica, lakini ilikuwa ghali na ulilazimika kulenga kwa mkono.

Mageuzi yenyewe yalianza Agosti 2008, Olympus na Panasonic walipotangaza mfumo wa Micro Four Thirds. Mfumo wao wa awali ulikuwa na milimita 38.67 kati ya lenzi na kihisi. Huu mpya ukawa na 19.25, karibu nusu! Kamera ya kwanza, Panasonic G1, ilitoka mwaka huohuo, na haikurekodi video hata sekunde moja. Juni 2009 Olympus wakatoa E-P1, miaka 50 baada ya Pen ya filamu iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani mwaka 1959. E-P1 ilikuwa nzuri kwa macho, yenye megapikseli 12, bila flashi ya ndani wala tundu la kuchungulia. Miezi michache baadaye Panasonic wakajibu kwa GF1, ambayo flashi inayo.

Kwangu mimi jambo kubwa hapa ni kwamba kampuni mbili zinazoshindana zilikubaliana kuhusu kifungio kimoja cha lenzi. Lenzi ya huyu inaingia kwenye kamera ya yule. Ni kama itifaki ya intaneti: mmoja akianguka, mwingine anaendelea.

Wengine wote walikuja kila mtu na mlango wake. Samsung walitoa NX10 Januari 2010. Sony wakaja na NEX-3 na NEX-5 mwaka huohuo, Nikon na Nikon 1 mwaka 2011, Canon na EOS M mwaka 2012, Fujifilm na X-Pro1 mwaka huo pia.

Angalieni yaliyowapata. Samsung walitoa NX1 mwaka 2014, kamera ya megapikseli 28 inayorekodi video za 4K, na kwa maoni yangu iliwatangulia wengi. Mwaka uliofuata wakaanza kujiondoa sokoni. Nikon 1 ilisitishwa 2018. EOS M ikafungiwa kazi 2023. Hakuna mtengenezaji aliyekosea hesabu za kihisi hapo. Waliacha tu, na lenzi zikabaki yatima.

Sony walibaki na kifungio chao cha E hata walipohamia vihisi vikubwa mwaka 2013, kwa hiyo NEX-5 ya 2010 bado inapokea lenzi zinazotengenezwa leo. Olympus nao waliuza biashara yao ya kamera. Uuzaji ulikamilika Januari 2021, jina likawa OM System, na hadi 2025 kamera mpya za Micro Four Thirds zilikuwa zikitoka. Aliyenunua E-P1 hakupoteza lenzi hata moja.

Basi ile ya bei ya kutupa huenda ni Nikon 1 au Samsung. Je, ni mbaya? Hapana. Ikija na lenzi yake na unajua hutataka nyingine, chukua. Lakini lenzi yake ikivunjika, utaanza kuwinda kwa watu binafsi, na hapo ile nafuu huisha.

Kuna kichekesho kimoja. Mwaka 1987 Canon waliacha kifungio chao cha FD, wakahamia EF, na wenye lenzi za FD walilia sana. Lenzi hizo zilikaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, kwa hiyo kwenye kamera ya EF yenye 44 haziwezi kulenga mbali bila kioo cha ziada. Kwenye Micro Four Thirds zinabaki milimita karibu 23 za kuweka adapta tupu, bomba tu la chuma! Lenzi ya FD ya milimita 50 inafanya kazi humo, ukilenga kwa mkono, ingawa inakuonyesha picha finyu kama ya milimita 100.

Mkienda kuangalia kamera hizi, bebeni kadi ya SD isiyozidi GB 32, maana E-P1 na wenzake wa wakati huo walitengenezewa SDHC. Na mulikeni lenzi kwa tochi ya simu, hasa ikiwa imekaa Mombasa au Lamu: kuvu huonekana kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kumlipa fundi aisafishe kunaweza kuzidi bei ya kamera.