Daktari Mgeni na Hati Zake

Leo twende Haydom. Ukitoka Mbulu mjini utapita Dongobesh. Ukitoka Katesh utapitia Basotu. Njia zote mbili zafika katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 na misioni ya Kilutheri kutoka Norwe. Wakati ule Mbulu ilikuwa wilaya moja kubwa, na Hanang ilikuwa ndani yake.

Sitaki tuzungumze juu ya majengo. Nataka tujiulize swali ambalo wagonjwa hawaulizi: daktari yule aliyetoka mbali, nani alimruhusu kukaa hapa na kutupasua matumbo?

Watu wengi hudhani kwamba hati ni moja. Sivyo. Serikali humwuliza daktari mgeni maswali matatu. Je, wewe ni daktari kweli? Je, una ruhusa ya kufanya kazi? Je, una ruhusa ya kukaa? Kila swali lina ofisi yake na muhuri wake, na kujibu moja si kujibu mengine.

Jambo hili si geni wilayani kwetu. Vita ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walikamatwa na Waingereza, wakulima wa Oldeani pamoja na wamisionari. Oldeani nayo ilikuwa katika wilaya ya Mbulu. Mtu alikuwa na shamba, nyumba na jina zuri kwa majirani, lakini siku ile hayo hayakumsaidia. Ukaazi wa mgeni hushikwa na mkono wa mtawala, na mtawala akibadili nia, mgeni hana la kusema.

Mwaka 1961 tulipata Uhuru, na nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Hebu uhesabu vidole vya mikono, uongeze viwili. Mwaka huohuo alifika Haydom Dakta Ole Halgrim Evjen Olsen kutoka Norwe. Alifanya kazi hapo kwa zaidi ya miaka 40, na mwanawe Øystein, aliyekulia Haydom, akashika uongozi baada yake. Kuzunguka hospitali hiyo waishi Wairaqw, Wadatooga, Wanyiramba na Wahadzabe, na lugha zao hazifanani hata kidogo. Daktari wa miaka miwili huondoka kabla hajajua mgonjwa wake anapolalamika anasema nini. Wa miaka 40 hutibu mama, kisha mtoto, kisha mjukuu.

Tazama sasa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti ajira za wageni. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, nacho hudumu miezi 24. Huweza kuongezwa, lakini jumla ina kikomo. Kibali cha ukaazi chatoka Uhamiaji, na usajili watoka Baraza la Madaktari. Tena mwajiri hudaiwa mpango wa urithi, yaani aonyeshe ni Mtanzania gani anayefundishwa ili aishike kazi ile mgeni akiondoka.

Kwa maoni yangu sheria hiyo yadai jambo la haki. Nchi iliyoanza na madaktari 12 haiwezi kuazima mikono milele, na Haydom yenyewe ilianzisha chuo cha wauguzi, na uongozi wake ukaja kushikwa na Watanzania. Lakini muhuri ukichelewa, anayeumia si karani wala daktari. Mama aliyeletwa kutoka Basotu usiku, mtoto amemkwama tumboni, hajui habari za mihuri.

Na upepo huvuma pande zote mbili. Machi 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa Kenya, Rais Magufuli alikubali kupeleka huko madaktari 500 wa Tanzania. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, wakasema kwao wako wenzao wasio na kazi. Mahakama ikasimamisha mpango. Watanzania 258 walikuwa wameomba na kukubaliwa. Aprili Rais akaagiza waajiriwe hapa nyumbani. Kumbe hata sisi tulikuwa na madaktari waliosoma na kukaa bila kazi, huku vituo vya vijijini vikiwalilia!

Daktari wetu akitaka kwenda Uingereza, huulizwa maswali yaleyale matatu. Lazima apite mtihani, asajiliwe na baraza la kule, kisha aombe viza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu, na Tanzania imo. Uingereza yaifuata orodha hiyo: mwajiri wa kule asije kwetu kuwavuta madaktari wetu. Lakini daktari akiomba mwenyewe, hazuiwi.

Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kiwatembelee wazee wawili au watatu. Waulizeni: daktari wa kwanza mliyemwona alitoka nchi gani, alikaa miaka mingapi, na alipoondoka nani alikuja baada yake? Andikeni majibu, na majina ya vijiji msiyasahau.