Muuzaji Asiye na Mlango

Tangu zamani mtoza kodi amezoea kubisha hodi. Mwenye duka ana mlango, na mlango huo unajulikana. Lakini muuzaji aliye mbali, asiye na mlango mjini, atabishiwa wapi? Swali hili liliwasumbua Wamarekani kwa zaidi ya miaka 50.

Kodi ya mauzo huko ni ya majimbo, wala si ya serikali kuu. Mwenye duka humtoza mteja, kisha huipeleka jimboni. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Illinois haiwezi kuilazimisha National Bellas Hess, kampuni ya Missouri iliyouza bidhaa kwa posta, iikusanyie kodi, kwa kuwa haikuwa na duka wala wakala humo. Mwaka 1992 kampuni ya Quill, wauzaji wa vifaa vya ofisi, iliishinda North Dakota kwa hoja hiyo hiyo.

Je, kodi ilifutwa? La hasha. Mnunuzi alitakiwa ailipe mwenyewe, lakini wachache mno walijipeleka. Basi mwenye duka wa mtaani, aliyeajiri majirani zake, akaonekana ghali kuliko mgeni.

Intaneti ilipoenea, upenyo ukawa lango. South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato ya watu, liliumia zaidi. Mwaka 2016 likatunga sheria: anayeuza humo kwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au mara 200 na kuendelea, akusanye kodi hata kama hana duka humo. Wayfair na wenzake walipinga. Mwaka 2018 jimbo lilishinda, majaji watano kwa wanne. Aliyeandika hukumu ni Anthony Kennedy, ambaye mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa walioipa Quill ushindi.

Jaji Mkuu John Roberts hakukubali. Alikumbusha kuwa mamlaka za kodi hiyo zilizidi 10,000, na kwamba huko New Jersey uzi wa sweta haukutozwa kodi ilhali uzi wa kazi za sanaa ulitozwa. Muuzaji mdogo atayajuaje yote hayo?

Mwaka 2023 South Dakota yenyewe iliifuta hesabu ya mauzo 200, ikabakiza ile ya dola. Ilikuwa busara. Haki kwa mwenye duka isiwe dhuluma kwa fundi anayeuza vikapu 200 kwa bei ndogo.